Mwenye Jicho la Saa Hana Jumamosi

Ukishajulikana kuwa una jicho la saa, umekwisha. Mimi huulizwa hata msibani. Mtu anasogea kwenye mkeka, ananipa pole, halafu anapandisha mkono wa shati taratibu: "Hebu nitazamie hii, ni orijino?" Marehemu mwenyewe hajafikishwa makaburini.

Na ukweli hawautaki kabisa. Wanataka baraka.

Chukua shemeji yangu, anayeoa mwezi ujao na ameapa kuingia ukumbini na Rolex mkononi. Jumamosi asubuhi akaja kunitoa kitandani, twende Kariakoo kwa kijana mmoja anayepanga saa zake juu ya boksi la viatu. Bei, laki moja na nusu. Nikamvuta shemeji pembeni nikamwambia kazi yangu imeisha, turudi nikalale. Rolex Submariner ya chuma, mpya, dukani inapita dola 8,000, yaani zaidi ya milioni 20 za kwetu. Na hii aliyoishika ni Daytona, ambayo ni ghali kuliko hiyo. Hata kama ni ya wizi, ni mwizi gani asiyejua hesabu kiasi hicho?

"Labda kaishiwa nauli," akasema shemeji.

Kijana naye ana vipimo vyake. Akaimwagia saa maji ya chupa. Akapitisha moto wa kiberiti cha gesi juu ya kioo. Akakikwaruza kwa ufunguo. "Umeona, mzee? Haina noma." Sawa, haina noma, lakini kama kulowa bila kufa ndiko kunathibitisha ukoo, basi hata Casio ya plastiki ni mzaliwa wa Geneva.

Nikaitwaa. Daytona ina visahani vitatu usoni. Katika ile halisi, sekunde za kawaida zinahesabiwa na kisahani kimojawapo, na mshale mrefu wa katikati umesimama kwenye 12, hausogei mpaka ubonyeze kitufe cha juu. Huu wa kwetu ulikuwa mbioni tangu tumefika, tena kwa kurukaruka, ta, ta, ta, mruko mmoja kila sekunde, maana ndani mna betri. Daytona halisi hupiga mara nane kwa sekunde, jicho linaona mshale unateleza tu. Nikavua miwani, nikaisogeza saa mpaka puani. Vishale vya visahani vilikuwa vimebandikwa, na kwenye kimoja gundi imetokeza pembeni, imeganda na kaunywele kamenasa humo. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Kilichobonyea ni kidole changu.

Angalau hiyo ilikuwa feki isiyojificha. Siku hizi kuna kopi kali za Kichina zinazojijaza zenyewe kwa mtikiso wa mkono, mshale unateleza, uzito upo, na hapo hakuna ujanja, mpaka fundi afungue mgongo aitazame mashine. Nyingine unazinasa kwenye tarehe, kwa kuwa kile kilenzi cha Rolex hukuza namba mara mbili na nusu, wakati cha feki unakitazama na bado unauliza leo tarehe ngapi. Wanaonifurahisha ni Cartier. Katika saa zao nyingi zenye namba za Kirumi wamelificha jina lao ndani ya mstari mmoja wa VII au X, herufi ndogo za kusaka kwa lenzi. Nilimsakia mama mmoja wa kanisani kwetu, na kweli tukalipata. Limeandikwa "Catier". Tangu hapo akinipa mkono wa amani anautoa haraka.

Tukirudi Kariakoo, nilimkumbusha kijana kuwa kuna Sheria ya Alama za Bidhaa, ya mwaka 1963, na kuuza bidhaa bandia ni kosa. Akanijibu kwamba mwaka huo hata baba yake alikuwa hajazaliwa. Kisha akashusha bei mpaka elfu arobaini.

Shemeji akalipa. Mbele yangu! Nimesimama hapo na ushahidi wa gundi, mtu anahesabu noti. Kwenye daladala akakaa dirishani, mkono nje, kondakta akamwambia aurudishe ndani asije akaukosa.

Nilidhani yameisha hapo. Jana kapiga simu kunijulisha kwamba kwenye harusi nimepangiwa meza ya mbele, karibu na wakwe. Nikashukuru. Kumbe mgeni yeyote atakayeiulizia ile saa ataletwa kwangu, nami natakiwa kuitazama kwa muda, nigunegune kitaalamu, halafu niseme, "Eeh, hii ndiyo yenyewe." Mke wangu anasema nisithubutu kumharibia kaka yake siku. Shemeji ameniomba nije na lenzi.