Kila Mafuta Yana Mwenyewe

Jenereta ya akiba ni mashine ambayo mwenye nyumba huinunua siku moja baada ya kuihitaji. Mjini Nakuru ununuzi huo una kinaya chake, kwa sababu kaunti nzima imekalia mvuke. Olkaria, upande wa Naivasha, huzalisha umeme kwa joto la ardhini tangu 1981, na Menengai, ile volkano iliyoegemewa na jiji, ilianza kuuza wake mwaka 2023 kwa mtambo wa megawati 35. Mkazi wa mtaa wa Milimani hulala juu ya moto wa kuchemshia nchi nzima chai, na bado stima ikipotea hupapasa kabatini kutafuta mshumaa. Umeme huo sharti kwanza uingie kwenye gridi, na gridi ni ya wote, tumbili wakiwemo. Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili alinusurika.

Swali linalofuata ununuzi ni mashine hiyo inywe nini. Dukani majibu ni matatu: petroli, dizeli na gesi. Mashambani, kuanzia Bahati hadi Njoro, kuna la nne, ambalo hutoka kwa ng'ombe. Vijitabu vinavyokuja na jenereta hulinganisha mafuta haya kwa nguvu, bei na moshi, na havikosei. Kasoro ya vijitabu hivyo ni kudhani kwamba mafuta yako tu mahali fulani yakimsubiri mtu ayachague. Nyumbani hakuna mafuta yasiyo na mwenyewe. Petroli ni ya pikipiki, gesi ni ya jikoni, dizeli ni ya trekta, samadi ni ya viazi. Jenereta ni mgeni aliyebisha hodi watu wakiwa wameshanawa mikono.

Kabla ya mafuta, lakini, kuna hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini ndogo ya kawaida huvuta hewa iliyopo, kwa hiyo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zilizoandikwa ubavuni mwake. Molo, kwenye karibu mita 2,500, hupoteza robo au zaidi. Ndiyo maana jenereta iliyojaribiwa Likoni, Mombasa, mbele ya ukoo mzima, ikaendesha friji, feni na pasi kwa pamoja, hupakiwa kwenye basi hadi Nakuru na kushindwa na friji peke yake. Hapo ukoo hugawanyika. Upande wa bara hudai pwani wamebadilisha vipuri. Upande wa pwani huuliza kama mashine ilisomewa dua kabla ya kuwashwa. Fundi akifika hukuta plagi nyeusi tititi. Kabureta iliyopimiwa hewa ya baharini humimina petroli nyingi kuliko hewa hii nyembamba inavyoweza kuchoma, na dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi, kipande cha shaba kisichofika ukubwa wa kidole. Jeti hurekebisha moshi na ulaji wa mafuta. Nguvu zilizopotea njiani haizirudishi.

Kwa hiyo jenereta ya kilowati 3 hapa ihesabiwe kuwa ya kilowati 2 na nusu kasoro kidogo. Taa, televisheni, chaja za simu na friji zinatosha ndani yake, mradi friji iachwe iamke kwanza, maana mota yake inapoanza huomba umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia. Shawa ya umeme haimo. Peke yake hutaka kilowati 5, na katika kila nyumba kuna mtu mmoja ambaye hakuhudhuria kikao kilichotangaza jambo hilo. Mtu huyo hugundulika jenereta inaponguruma kwa huzuni, taa zinapofifia hadi kuwa nyekundu, na sauti inapotoka bafuni ikiuliza nani amezima, ilhali macho yake yamejaa sabuni.

Petroli ndiyo huchaguliwa na wengi, na sababu ni nzuri: mashine yake ni nyepesi, bei yake ya kununulia ni nafuu, na kila fundi wa pikipiki anaielewa. Hasara yake ya kwanza ni umri. Petroli iliyokaa miezi kadhaa huanza kupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba kabureta, na familia iliyojaza tangi mwezi Januari, ikafunika mashine kwa blanketi na kuisahau chini ya ngazi, huikumbuka Septemba. Mzee wa nyumba huvuta kamba, huvua koti, huvuta tena, kisha huwaita watoto kwa umri, kuanzia mkubwa. Dawa ni kufunga mfereji wa petroli na kuiacha injini inywe kilichobaki kwenye kabureta mpaka ijizime yenyewe, kila mara kabla ya kuihifadhi.

Hasara ya pili ni kijana mwenye pikipiki. Yeye haibi, hukopa. Akiwa na haya kidogo, hujazia alichokopa kwa maji, mtungi usionekane mwepesi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, na tundu la kupeleka mafuta kwenye injini nalo liko chini ya tangi. Jenereta basi huhudumiwa maji kwanza, kwa heshima zote. Uchunguzi wa kesi kama hii huchukua jioni nzima, na mshtakiwa ndiye hushika tochi.

Kuhifadhi petroli kuna upande usio na mzaha. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na moto uliolipuka watu wakichota petroli uliua zaidi ya watu 100. Mvuke wa petroli husambaa chini kwa chini na hauhitaji zaidi ya cheche. Mtungi wake uwe wa chuma au ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ukae nje ya nyumba, mbali na jiko, na jenereta ijazwe ikiwa imezimwa na kupoa. Ule mtungi wa manjano uliokuja na mafuta ya kupikia una ila nyingine pia: petroli, dizeli na mafuta taa vyote hukaa ndani yake bila kujitambulisha.

Dizeli haiwashwi kwa plagi, hujiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Hudumu kuliko petroli ikiwekwa pasipo maji wala uchafu, haishiki moto upesi, na lita yake moja hufanya kazi zaidi. Kuipata ni rahisi, kwani barabara kuu ipitayo Gilgil, Nakuru, Salgaa na Mau Summit huishi kwa malori. Wenye trekta huwa nayo nyumbani tayari, na hapo ndipo mzozo huanzia: msimu wa kulima mahindi, hakuna mkulima atakayeruhusu mafuta ya ekari nzima yateketee kwa ajili ya mechi ya ligi ya Uingereza.

Kero kubwa ya dizeli ni sauti. Injini yake ya silinda moja ni ndugu wa damu wa ile ya kisiagi, na huko Kiamunyi au Lanet haitashangaza ikiwa, jioni ya kwanza, mama jirani atafika langoni na debe la mahindi kichwani.

"Hodi! Mnasaga kilo pesa ngapi?"

"Hatusagi, mama. Ni stima."

"Basi mngeweka na kinu, mwanangu. Kelele si hizi mmeshazilipia?"

Hoja yake ina uzito wa kiufundi kuliko anavyodhani. Injini ya dizeli inayoendeshwa kwa taa tatu tu haipati joto la kutosha. Huacha masizi na mafuta yasiyoungua ndani ya mofla, na mwishowe hukohoa. Inataka mzigo wa haja. Haitaki pia kuchanganyiwa mafuta taa, ambayo hayalainishi pampu yake inavyostahili. Uchanganyaji huo ulikuwa umezagaa nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuvunjia faida. Dizeli ya bei ya kutupa, inayouzwa kwa mtungi kando ya barabara, basi inunuliwe na mtu mwenye pampu ya ziada.

Gesi ya mitungi ina sifa zinazovutia kwenye karatasi. Haichachi, haizibi kabureta, huungua safi, na huwezi kuijazia maji. Hupunguza nguvu kwa karibu sehemu moja kwa kumi ukilinganisha na petroli, mbali na ile iliyokwisha kuchukuliwa na mwinuko. Kwa mzigo wa kama kilowati moja, jenereta hula kati ya nusu kilo na robo tatu kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 ungevuka usiku bila shida. Ungevuka, kama usingekuwa mtungi ule ule wa jikoni. Jumapili jioni, unga ukiwa umekandwa na wageni wako barazani, pendekezo la kuuhamishia mtungi uani hupokelewa kwa utulivu unaotisha.

"Baba watoto, stima itarudi. Huu unga ukikauka haurudi."

Basi atakayechagua gesi anunue mtungi wa pili na aufiche. Mtungi mdogo wa kilo 6 hautoshi. Gesi ikitoka kwa kasi huupoza mtungi hadi ukatoa jasho, kisha barafu, na gesi ikipoa hugoma kuwa mvuke, hasa alfajiri ya Molo ambapo hata maziwa hayahitaji friji.

Samadi ni ya wenye mifugo na subira, kwani huoza kwanza mtamboni bila hewa ndipo itoe gesi ya kuchoma. Karibu na Ziwa Naivasha kuna mtambo uliojengwa kuzalisha zaidi ya megawati 2 kwa gesi ya mabaki ya mazao, kwa hiyo kanuni haina shaka. Nyumbani, tatizo ni harufu ya yai bovu: gesi ya salfa iliyomo hutafuna injini, na huchujwa kwa kuipitisha kwenye chuma chenye kutu au waya wa kusugulia sufuria. Nyumba hizi hutambulikana kwa sufuria zenye masizi. Babu naye hulalamika kwamba viazi vimeporwa mbolea, ingawa tope linalotoka kwenye mtambo bado lina virutubisho karibu vyote.

Wapo wanaoruka swali zima kwa paneli za jua na betri. Hilo ni jibu zuri, na ghali siku ya kwanza.

Mafuta yoyote yatakayochaguliwa, jenereta hukaa nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu, na huua waliolala. Vilevile haichomekwi kwenye soketi ya ukuta. Umeme wake ungerudi hadi kwenye nguzo na kumkuta fundi aliyepanda kurekebisha. Fundi aliyesajiliwa afunge chenjiova, swichi inayotenga nyumba na gridi.

Kisha iwashwe kila mwezi kwa nusu saa, ikiwa na mzigo. Umeme ulipozimika nchini usiku wa Agosti 25, 2023, hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kulikuwa na jenereta iliyokataa kuwaka. Siku inayofaa ni tarehe 14, kwani jioni hiyo mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei zitakazoanza usiku wa manane. Mwenye petroli au dizeli hujua papo hapo kama akimbilie kituoni au angoje kesho. Bei ya gesi haimo kwenye tangazo hilo, hivyo mwenye mtungi humuuliza muuzaji wa mtaani. Mwenye samadi huchungulia zizini.