Heko kwa Muhuri

Tuwapongeze walioamua kwamba mwalimu mstaafu wa Ruangwa, mwenye madaftari tele ya historia ya Wamwera, asiitwe mtafiti mpaka alete barua ya chuo. Elimu isiyo na muhuri ni hatari. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga nchini, Nachingwea ikiwamo, wakaja na wataalamu wenye mihuri yote. Ulipofutwa 1951, mamilioni ya pauni yalikuwa yamezaa vichaka. Baadaye hata reli ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mpango huo, iling'olewa. Lakini barua zao zilikuwa safi! Mkulima aliyeijua mvua ya kwao hakuwa na idara, angeulizwa vipi? Basi mwalimu atulie. Akifa, kurasa zake zitafungia karanga za kukaanga, kisha atakuja msomi mwenye ruzuku kutafiti kwa nini wenyeji hawatunzi kumbukumbu.