Jinsi ya Kuwashindisha Njaa Vifaranga Mia Mbele ya Chakula

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kilosa au Mikumi ambaye ameshapiga hesabu zake. Malori ya kwenda na kutoka Zambia yanapita Mikumi usiku na mchana, madereva wanashuka na njaa, wanaagiza chipsi kuku, na huyo kuku lazima atoke mahali. Kwa hiyo vifaranga mia wa leo ni kuku mia wa wiki ya sita. Kazi iliyobaki ni kuwawekea chakula. Ukizifuata hatua zilizopo hapa chini kwa uaminifu, chakula kitabaki kwenye vilishio na faida itabaki kwenye daftari.

Hatua ya kwanza: Usiwe na haraka

Boksi likishushwa kwenye basi, liache kwanza kibarazani, umalizie chai. Umeambiwa kwamba kifaranga hutotolewa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayoweza kumweka hai hata siku tatu. Ni kweli. Ishia hapo hapo, usiulize zaidi. Ukiuliza utaambiwa kwamba akiba hiyo ni ya dharura; kwamba kifaranga aliyekula mapema hukitumia kiini chake vizuri zaidi kuliko aliyecheleweshwa; na kwamba utumbo wake hukua kwa kasi siku hizo za mwanzo, mradi upate chakula cha kufanyia kazi. Maneno kama hayo yatakufanya ufike kituoni kabla ya basi.

Hatua ya pili: Sema "huku kwetu kuna joto"

Kwa nini ununue mkaa wakati Mikumi yenyewe ni tanuri? Kifaranga wa siku moja hawezi bado kulinda joto la mwili wake, na wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha zipungue kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini wewe uliyapima mambo saa nane mchana, ukiwa umevua shati. Alfajiri ya Julai vifaranga watarundikana kona moja, wakikanyagana kutafuta joto, na aliyerundikana haendi kula.

Mchana rekebisha kosa hilo kwa kuzidisha: jiko liwake, madirisha yafungwe, bati liwe chini. Kusaga chakula mwilini kunazalisha joto, kwa hiyo mwili uliokwisha kuchemka hupunguza hamu ya kula ili usijiongezee mzigo. Homoni ya msongo, kotikosteroni, nayo hupanda. Utawakuta wametawanyika kando ya kuta, midomo wazi, wanahema. Waambie ni wavivu.

Hatua ya tatu: Chakula kwanza, maji baadaye

Kwa hali ya hewa ya kawaida, kifaranga hunywa maji yenye uzito unaokaribia mara mbili ya chakula anachokula, na kukiwa na joto huzidisha. Bila maji, chakula hukwama kwenye gole kikiwa kikavu na kigumu, na mwenye gole la namna hiyo harudi kwenye kilishio. Basi weka kinyweshaji kimoja kwa wote mia, ukitundike juu wasikifikie, na ukikuta maji yamepata moto kama ya kuogea, yaache. Maji ni maji.

Hatua ya nne: Pima njaa yao kwa njaa yako

Hapa ndipo wasomi wengi hupotea, kwa hiyo nawe usikose. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao, walitangaza kupata homoni iitwayo grelini, inayotengenezwa tumboni. Kwetu sisi binadamu, tumbo likiwa tupu homoni hii hupanda na kuusukuma ubongo utafute chakula. Kuku naye anayo, na hutoka hasa kwenye tumbo dogo linalotangulia firigisi. Ila watafiti walipoidunga kwenye ubongo wa vifaranga, vifaranga waliacha kula. Kinachokutuma wewe jikoni, yeye kinamtoa kwenye kilishio.

Leptini nayo iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, New York. Kwa panya na binadamu hutoka kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba ghala limejaa. Kwa kuku wataalamu walibishana miaka mingi kama ipo ama haipo, na ilipothibitishwa kwamba ipo, haikuonekana kufanya kazi hiyo ya kupeleka habari za mafuta. Kwa ufupi, kifaranga si mtu mdogo mwenye manyoya. Endelea hata hivyo kumdhania hivyo: akigoma kula, mwachie ashinde na njaa, "atakula akibanwa."

Hatua ya tano: Tafuta kichupa

Mtaani kila mtu anajua kwamba kuku wa nyama hunenepa kwa sindano za homoni. Usisumbuliwe na jaribio la Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, lililochapishwa mwaka 2014. Walichukua kizazi cha kuku cha mwaka 1957, cha 1978 na cha 2005, wakawalea pamoja kwa chakula kile kile. Siku ya 56, wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti ilitokana na uteuzi wa mbegu: miaka nenda rudi walichaguliwa wazazi wanaokua upesi, na pamoja nao ikachaguliwa hamu ya kula isiyoshiba upesi. Tena homoni ya ukuaji ni protini. Ukiitia kwenye maji ya kunywa, tumbo linaisaga kama linavyosaga dagaa. Akija muuzaji wa "dawa ya hamu", nunua vichupa vitatu.

Hatua ya sita: Okoa pesa kwa pumba

Pumba za mahindi hujaza gole kwa bei poa. Gole likijaa, kifaranga huacha kula, iwe amepata protini au hajapata. Mashudu ya alizeti na dagaa waachie matajiri.

Kwa wasiopenda hasara

Wapo watakaokataa mwongozo huu. Hao watandike maranda na kuwasha jiko kabla vifaranga hawajafika, watangulize maji safi, wamwage chakula cha kuanzia kwenye karatasi, waache taa ikiwaka, na siku ya pili asubuhi washike magole ya vifaranga kadhaa, mmoja mmoja. Gole laini lililojaa ni salama. Gumu linadai maji. La majimaji linadai chakula. Tupu linakudai wewe. Afisa mifugo wa kata yupo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini. Kabla ya kulaumu homoni au mbegu, kagua kwanza joto, maji na saa waliyokula mara ya kwanza. Hivyo vitatu viko mikononi mwako.