Sifa za Kubandua Manyoya ya Mshale

Katika nyanda kavu za Mbeere, upande wa chini wa Embu, na kule Tharaka ambako nchi ya Wameru inashuka kuelekea Mto Tana, mhunzi husifiwa kwa kigumba, mpika sumu huogopwa, na zamani mpiga upinde alipewa nyama ya kwanza. Anayekaa uani na kisu butu, akibandua manyoya yaliyoliwa na wadudu, huulizwa kama hana kazi. Dhuluma hii haifai kuendelea, maana huyo ndiye mtawala wa mshale. Chuma kimewekwa mbele kwa uzito wake tu, kama mgeni rasmi: hutangulia bila kuijua njia. Unyoya huko nyuma ndio unaoshika upepo, na kila mkia unapotaka kwenda kando huurudisha mstarini. Uondoe, uone mshale wa mhunzi bingwa ukipepesuka kama mlevi wa muratina, swala akiendelea kutafuna majani.

Kazi yenyewe ina masharti mengi kuliko mahari. Kano iliyofunga manyoya ya zamani hulowekwa kwanza ilegee, kisha gundi hukwanguliwa bila kisu kuuma wano, kwa kuwa palipoumwa ndipo patakapovunjika. Manyoya matatu mapya sharti yatoke mabawa ya upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwani yamepinda kinyume. Ukiyachanganya, mmoja utauzungusha mshale huku na mwingine kule, kama kamati ya harambee. Jogoo ana manyoya 10 makubwa ya kurukia katika kila bawa, ingawa haruki mbali kuliko paa la jikoni. Piga hesabu: bawa moja, mishale mitatu, unyoya mmoja wa ziada. Kano mbichi huzungushwa, ikikauka hujikaza yenyewe. Mchana umekwisha, na gundi imefika kwenye nyusi.

Mwenye haraka atasema kuna manyoya ya plastiki. Yapo, na hayaogopi mvua, hilo tumpe. Lakini unyoya ukikwaruza upinde hulala, kisha ukainuka. Plastiki ngumu hugonga na kuutupa mshale kando. Mpenda fahari atauliza kwa nini jogoo, si tai. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inauhesabu unyoya wa ndege wa porini kuwa nyara, na jogoo haombi kibali. Pingamizi zito ni hili: uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, basi mshale ulionyooka hivyo unakwenda wapi? Hauendi popote, labda kwenye shina la mgomba, na hapo ndipo sifa yake inapokamilika. Kazi isiyo na faida haina dalali wala ushuru wa kaunti, na hakuna jirani atakayeiga ili akuharibie soko. Hata Roger Ascham, alipoandika kitabu cha upinde, Toxophilus, huko Uingereza mwaka 1545, bunduki zikiwa tayari zinaunyang'anya upinde kazi yake, alimpamba bata bukini kwa ajili ya manyoya yake ya mishale. Na ule unyoya wa ziada? Huchomekwa darini, na jioni humchokonoa mwenye nyumba sikio, kazi ambayo kigumba, pamoja na sifa zake zote, hakijawahi kuaminiwa nayo.