Nyumba Imekwisha, Intaneti Tutavuta Lini?

Mchwee! Wacha nisonye kwanza, ndipo niseme. Mtu kahangaika na matofali, kapaua, kapiga lipu, kaweka madirisha ya aluminiamu na geti la chuma. LUKU inasoma, bomba linatoa maji kwa zamu yake. Kahamia na familia. Usiku wa kwanza tu unamwona uani, mkono juu, simu inammulika usoni, anatafuta mtandao. Jamani! Nyumba ya mamilioni, halafu kutuma barua pepe hadi utoke nje ukanyage umande?

Ndiyo habari ya kijiweni kwetu hapa Mikumi, kando ya barabara kuu, kahawa inapita na drafti inaendelea. Na ndugu zetu wa Kilosa mjini wakishuka hapa wanasema yale yale. Viwanja vinapimwa, nyumba zinaota kila upande. Kilosa wapo waliolazimika kuhama kabisa bondeni baada ya Mto Mkondoa kufurika Desemba 2009 na Januari 2010. Mikumi wapo wanaojenga kwa ndani, mbali na kelele za malori. Makazi mapya tunayo. Intaneti ya uhakika ndiyo hatuna.

Kijana wa bodaboda akaniambia, "Kaka, si ununue bando tu? Nchi nzima inatumia bando." Mdogo wangu, bando nanunua. Lakini mnara mmoja unawagawia wote walio karibu nao: wewe, mimi, abiria wa basi la Mbeya aliyeshuka kula, dereva wa lori anayeongea na mkewe kwa video. Mchana mko wachache, unapumua. Saa mbili usiku kila mtu karudi nyumbani, mgao wako unabaki kiduchu. Ongeza na milima. Kilosa imezungukwa na milima, Rubeho na Ukaguru iko jirani, na mawimbi ya simu hayapiti kwenye mlima. Nyumba ikijificha nyuma ya kilima, hata ruta ya bei mbaya haitakamata kisichofika.

Dawa ya nyumba ya kuishi ni faiba, ule uzi wa kioo unaobeba mwanga mpaka sebuleni, usiojali kilima. Na hapa ndipo panaponiuma. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, ukakabidhiwa TTCL kuuendesha, na njia yake ya kusini inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro na Iringa, inafika Mbeya hadi mpakani Tunduma. Tazama ramani, sisi tuko njiani hapo. Kilosa nako reli imepita tangu enzi za Mjerumani, na sasa ya kisasa, SGR, imepitishwa kwenye mahandaki ya milimani. Treni za abiria kutoka Dar es Salaam zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Ebo! Nchi iliyotoboa mlima Kilosa treni ya umeme ipite, itashindwaje kuchimba mtaro wa kimo cha goti mpaka kwenye viwanja vipya?

Asije mtu akasema intaneti ni anasa ya vijana na video zao. Mwalimu anayekaa nasi hapa anajaza kazi zake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Likizo anaombea mtandaoni, uhamisho mtandaoni. Akirudi nyumbani jioni na mtandao umelala, kazi inalala. Mama anayetupikia chai, binti yake alipomaliza kidato cha sita aliomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB kwa kupanga foleni steshenari, maana nyumbani ukurasa ulikuwa haufunguki. Leseni ya biashara sasa inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal. Mwenye gesti anayepokea wageni wa Hifadhi ya Mikumi anaulizwa Wi-Fi kabla hajaulizwa chakula. Serikali imehamishia ofisi zake mtandaoni, na imefanya vema. Basi njia ya kwenda kwenye ofisi hizo ni barabara ya umma, ifike kwa kila mtu.

Sasa linganisha na umeme. Januari 2022 TANESCO walitangaza gharama za kuunganishiwa: kijijini shilingi 27,000, mjini, ukiwa ndani ya mita 30 bila nguzo, 320,960, ikihitajika nguzo moja, 515,618. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika, hasa sisi wa miji midogo ambao mtu hajui ahesabiwe mjini au kijijini. Lakini bei ilijulikana. Ukaweka akiba, ukauza gunia la mpunga, ukalipia, ukasubiri fundi. Intaneti je? Unaingia ofisi ya kampuni ya simu, unaambiwa, "Eneo lenu bado halijafikiwa." Litafikiwa lini? "Tutakujulisha." Nikitaka kuchangia nguzo? Wanatazamana. Nikileta majirani ishirini? Wanaandika namba yako kwenye daftari, na habari inaishia daftarini. Hakuna bei, hakuna foleni, hakuna tarehe. Hilo ndilo linalonisonyesha.

Nawaelewa wenye kampuni, hesabu zao nazijua. Faiba moja kutoka kituoni inagawanywa kwa nyumba 32, hata 64. Nguzo, waya, kasha na fundi gharama ni ile ile, wakipata wateja watatu au thelathini. Kwa hiyo wanangoja mtaa ujae. Lakini mtaa ukishajaa, barabara imeshindiliwa kifusi, watu wamejenga ukuta, wamemwaga zege mpaka ukingoni, na kila mita ya kuchimba ina ugomvi na fidia. Wanangoja gharama ishuke, kumbe inapanda kila mwezi. Na mwenye nyumba naye anazoea bando, anaacha kuuliza.

Dawa ipo, tena haihitaji mzungu wa kutufundisha. Siku greda linapofungua barabara za viwanja vipya, kabla ya ukuta wa kwanza kusimama, lilazwe bomba la plastiki tupu kando ya barabara, lenye mashimo ya kufungulia kila baada ya nyumba kadhaa. Gharama yake igawanywe kwenye bei ya kiwanja; mnunuzi hataihisi sana. Bomba liwe mali ya halmashauri, na kampuni yoyote inayotaka kupitisha faiba ilipe kodi na kupita. Barabara haitachimbwa mara tatu na kampuni tatu. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa mnapanga na kupima viwanja. TARURA mnasimamia barabara za mitaa. Kampuni za kuuza viwanja mnaweka matangazo hadi kwenye mabasi. Kaeni meza moja, mliandike hilo kwenye mchoro wa mipango miji.

Mzee mmoja hapa akatikisa kichwa: "Hayo ya mijini, mwanangu. Nani atatukumbuka sisi?" Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubali. Mei 13, 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 pale ambapo kampuni peke yake zilikuwa haziendi. Kwa hiyo ruzuku inawezekana. Na sheria iliyoanzisha Mfuko huo, ya mwaka 2006, haisemi vijijini tu. Inataja pia maeneo ya mijini yasiyopata huduma za kutosha. Mtaa mpya wa Mikumi ambao mkongo unaupita kando bila kuingia, ukiacha huo, mtaa upi tena usiopata huduma ya kutosha? Mbunge na madiwani walibebe hilo.

Nasi tusikae kupiga drafti tukingoja. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, barabara zina majina na milango ina namba. Basi mwenyekiti wa kitongoji aandike orodha: namba ya nyumba, jina la barabara, nani yuko tayari kulipa kila mwezi na kiasi gani. Orodha hiyo ipelekwe kwa kila kampuni inayotoa faiba, nakala halmashauri, nakala TCRA, wasimamizi wa mawasiliano. Mtu mmoja akiuliza ni usumbufu. Nyumba arobaini zikiuliza kwa maandishi ni soko. Na vijana wetu wanaosoma umeme hapa hapa VETA Mikumi wafundishwe kuunga faiba, ili ikikatika tusisubiri fundi atoke Morogoro mjini.

TCRA nao nawaomba jambo moja: zilazimisheni kampuni zibandike bei na masharti ya kuvuta faiba, kama yalivyobandikwa ya umeme. Mita ngapi, nguzo ngapi, wateja wangapi, siku ngapi. Tukijua, tutachangishana.

Na wewe unayekwenda kulipia kiwanja mwezi huu, Mikumi au Kilosa, usitoe hela kwa kuuliza umeme na maji tu. Uliza: bomba la faiba limelazwa wapi? Likikosekana kwenye mchoro, gomea bei yao mpaka waliweke.