Sifa za "Boring"

Wenye ndimi za kusifia wausifu Mlima Hanang na ngano ya Basotu. Mimi namsifu mkorofi mdogo anayeishi kwenye madaftari ya kidato cha kwanza huko Gitting: "-ing".

Mwanafunzi somo limemchosha, anaandika: "I am boring." Kalamu nyekundu inashuka. Alitakiwa aandike "bored", yaani kachoshwa. Yeye katangaza kwamba ndiye anayechosha. Unyenyekevu ulioje! Nitajieni mbunge aliyewahi kukiri hivyo baada ya kushika kipaza sauti. Na yule aombaye kazi kwa "I am very interesting"? Alitaka kusema kazi imemvutia, akajitangaza yeye ndiye kivutio. Serengeti inatoza watu kiingilio kwa sifa hiyo hiyo. Wala tusimlaumu mtoto kwa kuipenda "-ing". Hata jina la kwao, Gitting, limeishia nayo.

Kosa hili lina riziki pia. Linalisha walimu wa tuisheni na wauza vitabu vya maswali, tena linampa heshima mjomba aliyekaa Arusha, ambaye kwenye sare hachangii ila barua husahihisha.

Kubwa zaidi, linazuia hatari. Mbulu na Hanang ni pembe ya nadra Afrika: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu na Kihadza cha Yaeda Chini vyote vinapakana. Mtoto wa hapa huongea na bibi kwa Kiiraqw, hupatana bei ya ng'ombe na jirani kwa Kidatoga, kisha husoma miaka 7 kwa Kiswahili. "Choka", "chosha" na "choshwa" hajazichanganya tangu meno ya utoto. Kijana kama huyo angetulizwa na nini, kama si herufi tatu? Sekondari inamgeuzia fizikia kwa Kiingereza, naye ananyamaza. Darasa tulivu, mkaguzi anafurahi.

Somo lenyewe huangukia vipindi viwili mfululizo, dakika 80, jua la saa nane. Mwalimu anaandika ubaoni: "The teacher is boring, the students are bored." Anaeleza, anarudia, anaeleza tena. Nyuma kabisa mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Huyu anatuchosha." Sarufi haina doa. Monita anaandika jina lake kwenye orodha ya waliozungumza Kiswahili.