Ukitaka Hangari Arua, Anza na Karatasi

Ukisikia kuna hangari inauzwa Arua, usikimbilie kuangalia paa. Omba karatasi. Uwanja wa ndege wa Arua uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na ardhi ya uwanja haiuzwi kwa mtu yeyote. Anayekuuzia anakuuzia nguzo, mabati na haki ya kukaa pale kwa muda fulani. Kwa hiyo kabla ya bei, uliza imebaki miaka mingapi kwenye mkataba wa upangaji, na kama mkataba wenyewe unaweza kuhamishiwa jina lako. Nenda Entebbe, makao makuu ya Mamlaka, uyaone majibu kwa macho yako, ndipo urudi kuketi na muuzaji. Mkataba ukiwa umebakiza miaka 3, unachonunua ni vyuma chakavu na miaka 3 ya kivuli, na bei iwe ya vitu hivyo viwili.

Masharti ya uwanja yakikubana utashawishika kwenda kutafuta ardhi yako mwenyewe Koboko, mwendo wa kilomita 50 na ushee kwenye lami ya kwenda Oraba. Huko ardhi nyingi ni ya kimila, na Katiba ya 1995 pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinaitambua hivyo. Muuzaji atakuwa kijana mmoja mchangamfu mwenye simu mbili. Mshukuru, kisha mwombe akupeleke kwa wazee wa ukoo wake. Kaa nao mara ya kwanza bila kutaja fedha. Mazungumzo yataanza kwa Kiswahili, yatahamia Kikakwa, yatapitia Kinubi, na uamuzi utafanywa katika lugha ile usiyoijua, basi nenda na mtu wako anayeijua. Tembea mipaka pamoja na majirani, si na wauzaji peke yao. Hakikisha mke wa mwenye shamba amekubali, kwa sababu ardhi inayolisha familia haiuzwi kisheria bila idhini ya mwenzi. Kama wewe si raia wa Uganda, utapangisha tu, isizidi miaka 99. Baada ya yote hayo bado hujapata pa kutua: njia ya kurukia nayo inahitaji kibali cha Mamlaka, na kwa kuwa Congo na Sudan Kusini ziko jirani kabisa, watu wa usalama watataka kujua nani anaruka na anaelekea wapi. Wana haki ya kuuliza. Ushauri wangu ni kwamba hangari ya kwanza iwe Arua.

Sasa chukua futi kamba. Usipime chumba, pima mlango. Cessna 172 ina mabawa ya mita 11 hivi, na mlango wa mita 12 utaipitisha ikiwa wasukumaji wana subira. Lakini ndege inayofanya kazi kubwa katika viwanja vidogo vya Uganda ni Caravan, ambayo mabawa yake yanakaribia mita 16 na mkia wake hupanda mita 4 na nusu. Hangari isiyoipokea Caravan haitapata mpangaji wa maana, na bila mpangaji mabati mapya utayalipia peke yako. Kabla hujachora chochote, nenda Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala na Entebbe, ambako ndege za shirika la kimisionari la MAF zina kituo chao, uangalie milango ilivyotundikwa na maji ya mvua yanavyoelekezwa. Kutazama hakulipiwi.

Katika ukarabati, fundi wa kuchomelea atataka kuchomelea kila kitu. Mzuie. Kenchi na nguzo zifungwe kwa boliti na nati, kila kipande kiwe na namba ya rangi, na mchoro ubaki kwako. Uwanja ukipanuliwa, au mkataba ukiisha, utafungua jengo lako vipande vipande na kulipakia kwenye lori. Ardhi si yako lakini chuma ni chako, na chuma chako lazima kiweze kuhama.

Chuma hichohicho kitatoka mbali, na saruji vilevile. Saruji ya Tororo inavuka nchi nzima, inapita Karuma, inavuka Nile pale Pakwach, kisha inapanda Nebbi. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori ya kuja huku West Nile yalilazimika kuzunguka. Nunua vyote kabla ya kumwaga zege, maana msingi ukiachwa nusu katikati ya mvua ni hasara tupu.

Upepo unaotangulia mvua uuheshimu. Ukiingia kwenye mlango ulio wazi hausukumi ukuta tu, hulisukuma paa kutoka chini, na mabati yaliyopigwa misumari ya kawaida huondoka kama karata. Tumia skrubu zenye mpira, funga kenchi kwenye nguzo kwa vyuma vya pembe, na mlango utazame upande usiopokea dhoruba. Wazee wanaoishi karibu na uwanja wanaujua upande huo kuliko kitabu chochote. Sakafu iinuliwe juu ya usawa wa nje, na mbele ya mlango pasiachwe udongo mtupu. Vumbi jekundu la murram husaga injini polepole.

Halafu kuna nyigu. Hapa naomba msomaji asiruke mistari. Nyigu wa udongo hupenda matundu membamba, na ndege ina tundu moja jembamba ambalo uhai wa abiria hulitegemea: mrija unaopokea upepo wa mbele ili kipima mwendo kimwonyeshe rubani kasi yake. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, baada ya kukaa chini karibu wiki 3. Kipima mwendo cha rubani mkuu kilimdanganya, ndege ikaanguka baharini na watu wote 189 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba mrija ulikuwa umeziba, na waliyemshuku zaidi ni nyigu wa aina hiyo. Ndege kubwa namna ile, na tope la mdudu.

Basi katika hangari yako kila mrija uvishwe kifuniko chenye utepe mwekundu mara tu injini inapozimwa, hata kama ndege itaruka tena baada ya chakula cha mchana. Ziba mianya chini ya mabati kwa wavu. Kila Jumatatu mtu apite na ngazi abomoe viota, atazame pia popo, maana mavi yao hula rangi na alumini. Mtu huyo mlipe vizuri, na jina lake liandikwe ukutani ili wote wajue ni kazi ya nani. Ukimpata fundi aliyesoma Soroti, kwenye chuo cha anga kilichoanzishwa 1971, mpe yeye madaraka ya kumzuia hata mwenye ndege asiruke.

Mafuta yasilale ndani. Yajengee kibanda chake, mbali, chenye hewa, na mapipa yalazwe ubavu ili maji ya mvua yasituame juu ya kifuniko. Umeme weka wa jua.

Mwisho, chora mstari wa manjano sakafuni, karibu na mlango, uzungushe nafasi ya Caravan moja, na uandike kwa herufi kubwa: WAGONJWA TU. Kutoka Koboko hadi Kampala kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500, na mama aliyepasuka kizazi hana muda wa kuzisafiri zote. Rubani anayemfuata mgonjwa mvua ikiwa imeanza anahitaji paa leo, siyo kesho baada ya kumtafuta mwenye funguo. Ufunguo wa pili ukae kwa meneja wa uwanja, na nafasi hiyo usimpangishe mtu, hata akilipa kwa dola.